Mkwe Wangu Simpimi

Wifi yangu Godelieve ni mtu wa kuchosha. Nasema hivyo kwa haki yangu ya uwifi, maana kaka yangu Patrice ndiye aliyemleta kwetu hapa Baraka, na tangu tumzike Patrice nimebaki peke yangu wa kumtania. Ukimkaribisha chakula, kwanza atauliza kama maji ya kunawa yamechemshwa. Ukipanda naye pikipiki, atamfokea dereva kuanzia sokoni mpaka mlangoni. Ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya mjini, na uuguzi haumtoki hata akiwa msibani. Siku ya matanga ya kaka yangu mwenyewe alinyanyuka kwenye mkeka kwenda kumwambia mtu asimpe mtoto mchanga uji wa moto.

Kwa hiyo chuo cha hapa mjini kilipotafuta mtu wa kuangalia afya ya wanafunzi wanaokwenda ziwani, hawakuhangaika. Kila mwaka wanafunzi wanaosomea mambo ya samaki huvuka kwa boti hadi Ubwari, kwenye rasi, ambako maji ni maangavu na mawe ya chini yamejaa samaki wadogo wa rangi. Sisi samaki wale hatuwali wala hatuwauzi, lakini vitabuni wana heshima kuliko mikeke tunaowala kila siku. Wanafunzi huvaa maski na mrija wa kupumulia, wenyewe wanauita tuba, kisha hulala kifudifudi juu ya maji na kuwahesabu. Walimu wawili tu wenye vyeti ndio wanaoshuka chini na chupa za hewa. Mimi huenda kama mpishi, kwa sababu Godelieve alisema hataki wanafunzi wake waharishe.

Masharti yake yalikuwa mengi na hakuna aliyethubutu kuyachezea. Huingii majini bila kupimwa. Huingii kama hukuogelea kwanza mbele ya mwalimu hapa Baraka, maana mtu wa kando ya ziwa ukimuuliza kama anajua kuogelea atakutukana, na wengi wanachojua ni kurusha maji tu. Huingii peke yako: kila mtu ana mwenzake, macho hayambanduki mwenzake, mwenzako akitoka nawe unatoka. Botini anabaki mtu asiye na kazi nyingine yoyote ila kutazama vichwa. Hata mwalimu mkuu wa safari, Assistant Bonaventure, kijana mpole aliyesoma Bukavu, alikuwa anapimwa kama wengine na kuambiwa apunguze chumvi.

Na yalikuwako magonjwa yanayokufungia maji kabisa. Moyo. Pumu isiyotulia. Sikio linalotoa usaha. Kifafa. Siku moja nilikuwa nachagua mchele nikamuuliza kwa nini kifafa, mbona kuna watu wanakunywa vidonge vyao na wanalima vizuri tu.

“Mutu wa kifafa akianguka pa inchi kavu, utamulaza upande, utangoja, ataamuka,” aliniambia. “Mu maji hana kelele. Hapige mikono. Na hii kazi ya kuhesabu samaki, uso iko chini tangu mwanzo. Mwenzake atazania iko anahesabu.”

Mchele niliuchagua mpaka mwisho bila kumtania tena.

Sasa nije kwa Eddy. Eddy ni mume wa Merveille, binti wa pekee wa Godelieve na marehemu kaka yangu. Kwao ni Fizi, kule juu milimani, na alishuka Baraka kusoma chuo hicho hicho. Alikuwa mkwe wa kuigwa. Akija nyumbani alikohoa tangu kwenye kona ya uzio, Godelieve apate nafasi ya kuingia ndani. Wakikutana njiani, kijana aliacha barabara yote akasimama majanini, ameangalia mihogo ya watu, mpaka mama mkwe apite. Hawakulishana, hawakushikana mikono, hawakutazamana usoni. Neno likiwepo lilipitia kwa Merveille. Mkwe kwetu unampenda kwa mbali, na Godelieve alimpenda huyu sana. Alimmwagia sifa kila mahali mpaka nikamwambia basi aolewe naye yeye, akanifukuza na mwiko.

Jambo ambalo sikulijua wakati huo ni kwamba Eddy alikuwa na kifafa. Merveille aliligundua baada ya ndoa, akamwambia mama yake kwa machozi. Eddy mwenyewe hakujua kwamba mama mkwe anajua. Vidonge alivifuata Uvira, mbali na macho ya Baraka, na alikuwa na sababu: alipokuwa mdogo shuleni ugonjwa ulimwangusha darasani, na tangu siku ile alitengewa kikombe chake na sahani yake. Watu wetu wanaogopa mate ya mtu wa kifafa kama moto. Aliapa mbele ya mke wake kwamba hakuna mtu atakayejua tena.

Godelieve aliitunza siri hiyo kama alivyotunza siri zote za kituoni. Lakini mwaka wa mwisho wa Eddy ulipofika, na safari ya Ubwari ikatangazwa, alikosa usingizi. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: kijana huyu akiingia majini na ile hali ikamjia, atakufa mbele ya watu wote na hakuna atakayejua mpaka amekwisha kupoa.

Akafanya kile ambacho mama mkwe yeyote mwenye adabu angefanya. Alimwita Merveille, akamwambia, “Mwambie bwana yako aende kwa Assistant, amwambie kweli yake pa siri. Atamupa kazi ya mu boti, kuandika hesabu za benzake. Points ni zile zile. Hakuna mutu atajua.”

“Nitamwambia, mama,” Merveille akajibu.

Hapo kwa Godelieve neno lilikuwa limefika. Neno la mkwe hupita njia hiyo, halina njia nyingine, na mkwe hadaiwi jibu. Ukimtuma mke umeshasema na mume.

Siku ya kupima, wanafunzi walijipanga barazani kituoni. Godelieve aliwapima mmoja mmoja, akiwauliza mambo ya aibu kwa sauti isiyo na aibu. Zamu ya Eddy ilipofika, Godelieve alisimama, akaweka kipimo mezani na kutoka nje.

“Mukwe wangu simupime,” alimwambia muuguzi mwenzake Placide akiwa ameshageuza uso ukutani. “Njoo wewe.”

Nilikuwapo, nimemletea maandazi. Mama waliokuwa wakisubiri na watoto wao walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema wazi kwamba haya ndiyo malezi, siku hizi wasichana wanacheza muziki na baba wakwe zao. Placide alimpima Eddy damu ikakaa vizuri, akasikiliza moyo ukapiga vizuri, akamuuliza kama ana ugonjwa wowote. Eddy akasema hapana. Placide hakuwa na sababu ya kumtilia shaka kijana mwenye kifua kile.

Ninapolikumbuka nakasirika upya. Kati ya wanafunzi wote wa mwaka ule, mmoja tu ndiye ambaye Godelieve hakumgusa, na huyo mmoja ndiye ambaye ugonjwa wake aliujua. Heshima ilimtoa nje ya mlango, naye akatoka kwa furaha, akanipa andazi nusu.

Na Merveille hakusema. Sikumwelewa zamani, sasa namwelewa kidogo. Angemwambia Eddy kwamba mama anasema umwambie mwalimu, Eddy angeuliza mama alijuaje. Mke aliyeitoa siri ya kitandani, tena akaipeleka kwa mama mkwe! Aliahirisha mpaka kesho, na kesho ikawa kesho yake, mpaka asubuhi ya safari akamfungia mume wake chapati kwenye kitambaa na kumwombea kwa Mungu.

Tulivuka ziwa likiwa limetulia. Godelieve alikaa mbele ya boti, Eddy nyuma kabisa, wamepeana migongo kama desturi ilivyo. Wote walikuwa wamevaa majile, vile vizibao vya kuelea, hata mimi, changu kinanibana kwenye makwapa. Wanafunzi waliimba. Eddy aliimba kuliko wote.

Ubwari tulishukia kwenye kijiji kidogo cha wavuvi, nami nikaanza kutafuta mawe ya mafiga. Bonaventure alisimama mchangani akaanza kutaja watu wawili wawili, nani na mwenzake nani. Niliona Godelieve amesimama na filimbi yake shingoni, anasikiliza huku akipanga dawa zake. Kisha jina la Eddy likatajwa, pamoja na kijana mmoja wa Mboko. Chupa ya dawa ilimtoka mkononi.

Alinijia pale motoni.

“Anastasie, Eddy iko anavaa maski.”

“Basi aivae, si njo kazi yabo?” nikamwambia. “Na we unaangalia nini? Unachungulia mukwe akivula shati?”

Sikuwahi kuona utani wangu ukifa vile. Alinishika bega akaniambia lile neno sikioni, kifafa, na jinsi alivyomtuma Merveille, na jinsi ambavyo ni wazi sasa kwamba Merveille hakufikisha. Niliukumbuka ule mchele.

Akaenda kwa Bonaventure moja kwa moja. “Mutu moja haingie leo. Eddy.”

“Kuna nini, mama?”

“Mi njo muuguzi. Nasema hapana.”

Bonaventure alikuwa mtu wa haki, na masharti yalisema wazi kwamba muuguzi akikataza amekataza. Akamfuata Eddy ukingoni, akamwambia kwa upole kwamba leo atabaki botini na kazi ya kuandika, alama ni zile zile. Lakini Eddy alikuwa amesubiri siku hiyo miaka yote ya chuo. Katika darasa lile hakuna aliyeogelea kama yeye. Akageuza uso upande wa milima, asimtazame mama mkwe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

“Assistant, banikataze juu ya nini? Placide njo alinipima, akaandika niko muzima. Mama hakunipima. Mutu hakuangalia kitu, atakikataza namna gani?”

Na hapo alikuwa na haki, hilo ndilo lililouma. Wanafunzi wakaanza kucheka. Mmoja alisema labda mama mkwe kaota ndoto mbaya. Mwingine akasema mabokilo, yaani mama wakwe, wana wivu na mabwana wa binti zao. Bonaventure akasita, akamwangalia Godelieve, akitaka sababu, hata ndogo. Godelieve hakufungua mdomo. Eddy akaona kimya kile ni ruhusa. Akaingia, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, mwenzake wa Mboko ubavuni. Akavuta maski usoni.

Filimbi ililia mpaka wavuvi wakatoka nje ya nyumba zao. Wote walisimama walipokuwa. Godelieve alikuwa amesogea mpaka maji yanamlamba viatu, na alikuwa anamtazama mkwe wake aliye kifua wazi, uso kwa uso.

“Eddy iko na kifafa!” alipiga kelele. “Haingie mu maji! Eddy iko na kifafa!”

Nilitamani ardhi inimeze. Na yule kijana wa Mboko, ambaye tangu asubuhi walikuwa wanashikana mabega, alirudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Wengine waliokuwa majini nao wakasogea taratibu, wakijifanya wanatafuta pa kukanyagia, mpaka Eddy akabaki na maji yake peke yake. Hapo ndipo nilipolia. Si kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya zile hatua.

Alitoka, akavaa shati juu ya mwili uliolowa, akaenda kukaa botini. Bonaventure alimpelekea ubao wa kuandikia na penseli, akauacha pembeni yake. Haukuguswa. Mchana nilimpelekea ugali na ndagala, akanishukuru kwa adabu na kunirudishia sahani imejaa. Tuliporudi Baraka jioni, nafasi ya upande wake wa kulia na upande wake wa kushoto ilikuwa tupu, na watu wengine wamebanana mbele mpaka mwenye boti akagomba kwamba tutapinduka.

Godelieve alikuwa amempa mgongo tena. Nilitaka kumfinya na nilitaka kumkumbatia, sikujua kipi kianze.

Baadaye kila mtu alikuwa na maneno. Mkubwa wa kitivo alimwita Godelieve akamwambia muuguzi hatangazi ugonjwa wa mtu hadharani, “hapana” ingetosha. “Nilisema hapana,” alijibu, “bakacheka.” Hakujitetea zaidi, kwa kuwa alijua mkubwa naye anasema kweli. Kutoka Fizi, kwa wakubwa wa Eddy, alikuja mjumbe na maneno mazito: mama mkwe amemtazama mtoto wetu uchi, amemtangaza mbele ya watu, ukwe ameuvunja, asikanyage kwetu. Placide alikasirika kwamba alimwachia apime gizani.

Merveille alikuja mara moja tu, mtoto wake mgongoni, hakukaa.

“Mama, ungeniambia mi.”

“Nilikuambia.”

Merveille akakaza kitenge cha mtoto mgongoni. “Pengine hangeanguka,” akasema. “Siku ile pengine hangeanguka.”

Na nani atambishia? Mtu akizama tunamlilia, tunajua tumepoteza nini. Asiyezama, aliyemzuia atashukuriwa na nani? Nilimwambia Godelieve kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, kwa hiyo yeye ameokoa mtu. Akaniambia niache wahenga, wao hawakuwa na mkwe kama Eddy.

Kisha Eddy akaanza kuogelea.

Alikuja ziwani asubuhi, hapa hapa Baraka, mahali mama wanapofulia, watu wakiwa wengi. Alivua nguo, akaziweka juu ya jiwe na kuingia. Alikwenda mbali, kisha akarudi mbele yetu aonekane vizuri. Hakusema neno, lakini kila mtu alisoma: je, nimeanguka? Kijana mwenye akili zake, mwenye mtoto, aliyejua ugonjwa wake kuliko sisi wote! Hasira ya mtu mpole ni mbaya. Mama walipomwona anakuja waliwaita watoto wao watoke majini haraka, na watoto walitoka wakikimbia. Kwa hiyo ziwa lote la asubuhi likawa lake.

Godelieve aliposikia, alikuja nyumbani kwangu mafuta yangu ya maandazi yakiwa yanachemka.

“Twende ku ziwa.”

“Na maandazi?”

“Anastasie, mi siwezi kumuangalia. We unaweza.”

Ndivyo tulivyoanza. Mama mkwe hamtazami mkwe akioga. Mwiko huo alishauvunja mara moja na nyumba ya binti yake ikatikisika, hakutaka kuuvunja tena. Alikaa juu ya jiwe, mgongo kwa ziwa, uso kwa barabara, na mimi nikasimama mbele yake nikitazama juu ya kichwa chake.

“Anaonekana?”

“Anaonekana.”

“Iko anapiga mikono?”

“Anapiga.”

“Sasa?”

“Wifi, tangu uulize hata sijapumua.”

Mpita njia angetuona angesema wanawake wawili wamepatwa na wazimu. Asubuhi nyingi tulikaa hivyo. Nilichoka, nikamwambia nina biashara, akaniomba kwa jina la Patrice. Nilijifunza kumtafuta yule kijana majini kama mtu anayetafuta nyoka ndani ya nyumba. Mawingu yakitia giza maji, moyo unanipanda. Na Godelieve, mwenye ujuzi wote, alikaa pale anatazama pikipiki zikipita, anasikiliza tu.

Siku moja kulikuwa na upepo kutoka upande wa Ubwari. Mawimbi yalikuwa madogo lakini mengi, yana povu, na kila povu lilikuwa kichwa cha mtu.

“Anaonekana?”

Nilimtafuta kati ya mapovu.

“Anastasie.”

“Ngoja,” nikasema. “Ngoja kidogo.”

Hakungoja. Alisimama akageuka, macho yake yakaenda moja kwa moja majini. Eddy akaibuka karibu na ufuko, mzima, akipangusa uso. Nikashusha pumzi na kusema asante Yesu. Nilidhani Godelieve atageuka tena, lakini hakugeuka. Alisogea mpaka ukingoni, karibu na lile jiwe lenye nguo za Eddy, akasimama akimtazama.

Mama wa kufua waliacha nguo. “Mama Merveille, geuka! Mukwe wako iko mu maji!”

“Namuona,” akasema.

Eddy alikuwa amesimama, maji yamemfika kifuani. Hakuweza kutoka. Mkwe gani atatoka majini na chupi mbele ya mama mkwe? Na Godelieve hakuweza kuondoka, kwa sababu kijana bado yumo majini. Basi wakakaa vile, huyu huku na yule kule. Upepo ulikuwa baridi. Baada ya muda niliona midomo ya Eddy inatetemeka, nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliye uchi.

Mwishowe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kumwelekezea neno bila kupitia kwa mtu.

“Mama, geuka nitoke.”

“Nikigeuka, kesho utarudia.”

“Nitarudia.”

“Peke yako.”

Eddy akacheka, kicheko kibaya, hakikuwa chake. “Na nani, mama? Uliambia bote. We mwenyewe uliambia bote. Nani ataingia mu maji na mi?”

Mama wa kufua waliinamia mabeseni yao. Nilimtazama wifi yangu, mtu mwenye jibu la kila kitu, la maji ya kunawa, la chumvi, la uji wa mtoto, nikaona hana. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hayapangusi. Kama ningekuwa na maneno ningempa, lakini hata mimi siku ile pale Ubwari, walipomkimbia Eddy, nilibaki motoni na mwiko wangu.

Akavua viatu. Akageuka, akampa mkwe wake mgongo kama alivyoombwa, na akaanza kuingia majini kinyumenyume.

Aliingia taratibu, akipapasa mawe kwa kisigino, macho kwetu sisi tulio nchi kavu. Aliteleza mara moja, mama mmoja akapiga yowe. Maji yalipomfika kiunoni alisimama, akafungua kitenge chake cha juu, akakisokota, akashika ncha moja na kuitupa nyingine nyuma bila kuangalia.

“Shika,” akasema.

Kitenge kilielea kati yao. Eddy alikitazama muda mrefu hata nikadhani kitalowa kizame. Kisha akanyoosha mkono, akakishika.

“Basi oga.”

Aliogelea kidogo tu, mpaka pale kitenge kilipoishia, akarudi, akaenda tena. Kilipovutika, Godelieve aliyumba akajikaza. Kila kilipolegea nilimwona ameacha kupumua, macho yameganda kwangu, na hakupumua mpaka kikavutwa tena.